Mashine ya Tatu Niliyoipalilia

Wangechi, maitu,

Nakusalimu kwanza mimi, halafu nikupitishie salamu za wengine. Najua asubuhi hii umekunywa chai na baadhi ya hawa watu, lakini wamesikia nakuandikia na kila mmoja ametaka jina lake liingie. Baba yako anakusalimu. Yuko nyuma ya nyumba anafunga sanduku lako kwa kamba, na nimemwambia lina zipu na halina shida, lakini anasema kamba haijawahi kumwangusha. Cucu, nyanya yako, anakusalimu kutoka kwa kiti chake cha jua. Ameniuliza mara ya nne kama huko Timau kuna watu wa kanisa. Nimemjibu wako wengi, na baada ya muda ataniuliza tena. Dada yako Nyambura amepiga simu kutoka kwake Sagana, anakusalimu, na mtoto wake anakusalimu pia, ingawa neno lenyewe alilosema kwa simu lilikuwa "kuku". Shangazi yako wa Kerugoya anasema ulisahau taulo kwake juzi na kwamba hairudishi. Mama Shiro anayeuza mboga kando ya saiba, kile chumba chetu cha kompyuta, anakusalimu sana, na huyo nitamfikia. Ng'ombe amepunguza maziwa kidogo, nafikiri ni hii baridi. Mimi ni mzima.

Umeenda kanisani. Vijana wenzako wametaka kukuombea safari, na wewe hujawaambia kwamba huna safari. Mimi nimebaki, nikasema nachunga githeri isiungue. Githeri iliiva kitambo. Nimebaki kwa sababu jana jioni nikikamua nilikusikia ukiongea na baba yako pale kwa ghala ya mahindi. Ulisema, "Baba, kesho kutwa asubuhi nitawapigia watu wa Timau niwaambie watafute mtu mwingine. Mama hataweza zile mashine peke yake."

Baba yako akasema, "Umemuuliza?"

Ukasema, "Kwani nimuulize nini? Mimi namjua."

Nilikaa pale chini ya ng'ombe nikasahau kukamua mpaka akanipiga na mkia. Nimekupa jina la mama yangu mzazi, nakuita maitu, mama yangu, tangu siku ulipozaliwa, na katika miaka hii yote sijakuambia umekosea kitu kuhusu mimi. Leo nakuambia. Kuna mambo matatu au manne hunijui, na nitayaandika yote hata kama karatasi itaisha, halafu uamue kama utawapigia hao watu.

Sitakuandikia habari ya sweta wala ya maji ya kunywa. Wewe ni mtu mzima, na Timau si mwisho wa dunia, ni mlima huu huu tu ukizungukwa. Hilo shamba la maua linataka mtu wa kutunza kompyuta zake, limekuita mara ya tatu, na mtu mwenye akili anajua haliwezi kuita mara ya nne.

Nianzie siku ulipozileta hizo mashine, kwa sababu nataka ujue nilikuwa nikiangalia. Zilikuwa tatu, zimetupwa na ofisi fulani ya mjini Nyeri, ukazisukuma kwa mkokoteni toka stendi mpaka sokoni kwetu, na watu wakakuuliza kama siku hizi unanunua vyuma vikuukuu. Ukakodi kile chumba, ukazisafisha kwa brashi ya viatu ya baba yako, ukazitia hiyo Linux, mfumo wa kuziendesha. Uliniambia imetengenezwa na watu wengi wa mbali ambao hata hawajuani, na kwamba programu zake ziko kwenye ghala moja kubwa. Ukitaka kitu huokoti barabarani. Unaliambia ghala jina lake, linakuletea.

Nilielewa kwa njia yangu. Niliona ni kama ngwatio yetu wanawake tukisaidiana kulima: ukimwita mmoja, anakuja na wale aliozoea kulima nao, na huwezi kumwambia wenzake wabaki. Programu pia inakuja na zile inazozitegemea. Nilikuambia hivyo na ukacheka, ukasema nimeeleza vizuri kuliko mwalimu wako wa chuo. Nilifurahi hiyo wiki nzima, hukujua.

Siku ya kwanza ulinikalisha, ukaniambia niandike sudo, niache nafasi, apt, nafasi, install, halafu jina la ule mchezo wa kufundisha vidole kupiga herufi. Nikauliza huyo sudo ni nani. Ukasema ni mimi nikiongea kama mwenye nyumba, si kama mgeni. Mashine ikaniuliza neno la siri, nikaliandika bila kuona hata alama moja kwa kioo, na ikanikubali. Maandishi yakashuka kama maji ya mfereji, yakasimama. Nikangoja isifu kazi yangu.

"Mama," ukasema, "ikinyamaza ndiyo imekubali."

Uliniandikia daftari la amri zote kwa Kiswahili. Tangu hapo watu wananiita Mama Saiba. Na tangu hapo kila siku nakuita mara tano, mara sita: Wangechi, printa imekataa, Wangechi, imeniuliza kitu, Wangechi, njoo uone. Kumbuka hayo, nitayarudia.

Sasa nikuambie habari ya Alhamisi.

Wewe ulienda Kerugoya Jumatano kuchukua vyeti vyako kwa shangazi. Alhamisi nikafungua peke yangu saa mbili. Mashine ya tatu, ile yenye printa, ikaandika kwamba nafasi inakaribia kwisha. Ungekuwa karibu ningekuita. Hukuwa karibu, na mkono wangu ulitaka kazi. Mimi ni mtu wa shamba. Nikiona mahali pamejaa sana, napalilia. Nikafungua orodha ya vitu vilivyomo ndani, nikaanza kushuka mstari kwa mstari vile ninashuka kwenye maharagwe: hiki nakijua, kikae, hiki sikukipanda mimi, kitoke. Kwa shamba hiyo haijawahi kunidanganya. Kitu usichopanda na kimeota katikati ya maharagwe ni magugu, unang'oa.

Vitatu vya kwanza vilitoka bila maneno. Cha nne kilikuwa python3. Jina sikulijua, sikuwahi kuona mteja akikifungua. Nikaandika sudo apt remove na hilo jina. Mashine ikaleta orodha ndefu, jina juu ya jina mpaka kioo kikajaa, ikasema hivi vyote vitaondoka pamoja nacho, ikauliza kama niendelee.

Hapo ndipo nilikosea, maitu. Kung'oa ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba sikusoma. Ilikuwa Kiingereza, ilikuwa ndefu, na Mzee Githinji alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. Nikatingisha kichwa pole pole, kama mtu ameelewa kila kitu, nikabonyeza Y ya kukubali.

Unamjua Mzee Githinji, yule karani mstaafu mwenye mdomo. Alikuwa amekuja kuchapisha programu ya mazishi ya kaka yake. Ulimwandikia mwenyewe Jumanne, na historia ya marehemu na nyimbo na picha, na yote yalikuwa ndani ya mashine hiyo hiyo. Mazishi yalikuwa Ijumaa saa nne asubuhi.

Vitu vikaanza kutoweka kwa kioo kimoja kimoja. Kwanza ule mstari wa chini, halafu vile vidude vya pembeni. Nikafanya vile umenifundisha, ikisumbua izime uiwashe. Ikawaka nyeusi. Nyeusi kabisa, na maneno madogo meupe juu yakiniuliza mimi ni nani.

"Mama Saiba," Mzee Githinji akasema, "hiyo televisheni yako imekufa?"

"Inapumzika."

"Inapumzika aje na mimi niko na maiti?"

Nikamwambia akae kwa benchi. Nikatoka nje na simu mkononi na jina lako tayari limefunguliwa. Nilikuwa nabonyeza. Halafu nikaona vile itakuwa. Utasema, "Usiguse kitu, Mama, nakuja." Utaacha vyeti, utaacha kila kitu, utarudi kutoka Kerugoya umekunja uso, utatengeneza kwa dakika ishirini, na utanyamaza. Na hapo ndani yako utakuwa umekata shauri juu ya Timau, na haitawezekana tena kulibadilisha.

Nikampelekea Mama Shiro simu pale kwa sukuma wiki zake.

"Shika hii. Hata nikikulilia usinipe."

"Umekosana na nani?"

"Na mashine."

"Na Wangechi akipiga nimwambie nini?"

"Mwambie niko choo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nitengeneze."

Akaniangalia, akaiweka simu ndani ya sidiria yake, akasema, "Basi nenda ukatengeneze. Lakini hiyo choo yako iwe ya kweli, mimi sipendi kudanganya mtoto wa watu."

Nikarudi nikakaa. Nikaandika jina na neno la siri, ikanikubali, nikaona nimefika kwa mstari mtupu unaopepesa. Sikujua kama kazi ya yule mzee imepotea pamoja na zile programu. Nikakumbuka kitu ulisema siku moja ukila, kwamba programu ni sufuria na maandishi ni chakula, na mtu anaweza kubeba sufuria zote na chakula kibaki kwenye sahani. Nikafungua daftari lako, nikaandika ls, ile amri ya kuorodhesha, na jina la folda ya kazi za wateja. Majina yakatokea. La tano lilikuwa mazishi_githinji. Nililigusa kwa kidole. Nikamwambia yule mzee, bila kugeuka, "Kaka yako yuko. Tunatafuta mlango tu."

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa umeandika: Mama, ukiharibu kitu usianze kubahatisha. Soma kwanza mashine ilifanya nini, iliandika yote. Na chini yake ile njia ndefu yenye mikwaju, ya kufungua historia ya mashine. Niliikosea mara mbili, mara ya kwanza niliweka nafasi isiyotakiwa, mara ya pili niliruka mkwaju mmoja. Mara ya tatu ikafunguka. Nikabonyeza G kubwa ikanipeleka chini kabisa, na hapo nikakuta kosa langu limeandikwa na saa yake. Ilisema ni nani aliamuru, aliamuru nini, na kila kitu kilichoondoka. Haikunigombeza. Iliandika tu.

Nikasoma. Wangechi, nilisoma kila jina la ile orodha, herufi kwa herufi, kidole kikiwa kwa kioo, yale majina niliyoogopa kuyasoma saa moja kabla ya hapo. Nilipoteza hesabu nikaanza tena. Na nilipofika mbali kidogo nikaona xubuntu-desktop, na nikajua hilo jina, kwa sababu uliliandika kwa daftari ukaeleza kwamba hiyo ndiyo nyumba yote ya picha, madirisha na mlango. Python3 ilikuwa nguzo, na nyumba ilikuwa imeegemea hapo. Niling'oa nguzo nikidhani ni gugu.

Nikaandika sudo apt update, ikaenda kuuliza ghala. Nikaandika install na jina la nyumba. Ikasema haijaona kitu kama hicho. Nikaangalia tena, nikaona nimesahau kile kistari cha katikati. Nikarudia. Ikaleta orodha yake ya vitu itakavyoleta, ndefu kuliko ya kwanza, ikauliza niendelee au hapana. Na hapo sikubonyeza. Nilishuka nayo yote.

"Unasoma nini huko," Mzee Githinji akasema, "Mambo ya Walawi?"

"Nasoma, mzee. Kaa."

"Mimi nina umri wa kukaa. Kaka yangu ndiye yuko na haraka."

"Kaka yako amemaliza haraka zake zote. Kaa."

Mama Shiro alikuwa amekuja kusimama mlangoni na wateja wake wawili, na nikasikia mmoja akicheka. Nilipomaliza jina la mwisho ndipo nikabonyeza Y. Maandishi yakaanza kushuka. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, stima isipotee. Ilipepesa mara moja, ikarudi. Nilikaa pale nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili kama inaweza kutoroka. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Mzee Githinji alinunua ndizi kwa Mama Shiro, akala, akaniwekea moja karibu na kibodi.

Ikanyamaza. Nikaizima, nikaiwasha. Ikakaa nyeusi muda mrefu, halafu ikaja ile picha uliyoweka, ya ng'ombe wetu akiangalia kamera kama anadai kitu. Mama Shiro ndiye alipiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya uzazi. Alipiga tatu, za mtoto msichana, na watu wa soko wakakimbia kuja kuuliza nani amejifungua sokoni. Akawaambia ni Mama Saiba, amezaa kompyuta, mama na mtoto hawajambo.

Kulikuwa bado na kazi. Ile programu ya kuandikia ilikuwa imeenda na wenzake, na nyumba ilirudi bila hiyo. Lakini sikuogopa tena. Niliiomba kwa jina lake, nikasoma orodha, nikakubali, ikaja. Saa tisa na nusu printa ilitoa karatasi ya kwanza ya mazishi. Mzee Githinji akaishika mbali na macho, akasoma yote, akakunja kwa adabu.

"Ati msichana wako huwa anasema hujui Kiingereza."

"Sijui," nikamwambia. "Lakini leo kimenijua."

Akacheka mpaka akakohoa. Na mtu huyu anayesema kila kitu hajakuambia, kwa sababu nilimwomba. Ijumaa jioni uliporudi ulikaa kwa mashine hiyo ya tatu ukafungua barua zako. Ukasema, "Mama, mbona hii imekuwa nyepesi hivi?" Nikasema nimefuta vumbi. Nakuomba msamaha kwa vumbi hilo.

Nimepumzisha mkono. Cucu ameniita kuuliza habari ya kanisa la Timau. Sasa narudi kwa jambo zito zaidi, na hili hata baba yako halijui.

Ulipokuwa kidato cha pili ulileta nyumbani karatasi ya shule. Ilikuwa ya kuchagua masomo, na mzazi alitakiwa aweke alama na sahihi. Uliniwekea mezani ukakimbia kuchota maji. Ilikuwa Kiingereza, kurasa mbili. Mimi niliacha shule darasa la tano nikalee wadogo zangu, na wewe hukuwa unajua ni darasa la tano, ulikuwa unajua tu kwamba niliacha. Niliona aibu kukuuliza. Niliona aibu kumpelekea jirani. Nikaweka alama mahali palipoonekana pazuri, nikaandika jina langu vizuri sana, kwa sababu jina langu najua kuliandika vizuri. Muhula uliofuata walikutoa darasa la kompyuta wakakuweka la mapishi. Ulilia siku mbili. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini ulinikatalia?" Na mimi nikasema, "Mapishi ni muhimu kwa msichana."

Umeishi na jibu hilo miaka tisa. Umedhani mama yako alikaa akafikiri, akaamua hustahili. Sikufikiri, Wangechi. Sikukukatalia kitu. Nilibonyeza tu, bila kusoma, na nilipojua kilichoondoka niliona afadhali nionekane mkali kuliko nionekane mjinga. Alhamisi nilipokuwa nasoma ile historia kwa kioo cheusi, kosa langu na saa yake, ndipo nilifahamu kwamba hata hili lingerudishwa mapema kama ningekubali tu kulisoma. Wewe ulilirudisha peke yako, jina kwa jina, kwa mashine zilizotupwa na watu. Hakuna siku nimekuangalia ukifanya kazi bila kukumbuka ile karatasi.

La mwisho ndilo baya. Nimekuambia kumbuka vile nakuita mara tano, mara sita kwa siku. Printa hiyo nilijua kuitengeneza tangu mwezi wa pili. Yale maswali ya mashine nilijua mengi yake. Walipokuita Timau mara ya kwanza, ukasema utakataa kwa sababu bado sijajua, mimi nilikuwa nimejua. Nikajifanya. Mara ya pili nikajifanya zaidi. Siku ile niliuliza namna ya kuwasha, unakumbuka, na ukanionyesha kwa upole namna hiyo mpaka nikaenda nyuma ya chumba kulia. Nilikuita kwa sababu nikikuita unakuja. Nyambura alipoolewa nyumba ilinyamaza upande mmoja, na niliogopa upande wa pili.

Kwa hiyo usiseme unanijua. Uliyemjua ni yule niliyejifanya. Yule wa kweli aliibomoa nyumba yote ya picha saa tatu na nusu asubuhi na kuijenga kabla ya jioni, na hakukupigia simu. Nikiandika hivi nacheka peke yangu jikoni kama mtu amepewa zawadi. Miaka hamsini na mbili, darasa la tano, na kuna ghala mahali fulani duniani ambalo nikiliita kwa jina sahihi linaitika.

Huko kwa maua utakuta watu wakubwa wenye viti vya kuzunguka watakaotingisha kichwa ukiwaeleza kitu. Mtu akitingisha kichwa haraka sana, mueleze tena pole pole, na usimuulize mbele ya wengine kama ameelewa. Unaweza kuokoa mtoto wa mtu. Na siku utakayoharibu kitu, kwa maana utaharibu, mikono yako ni ya kwangu, waonyeshe historia yako kabla hawajaiuliza. Mimi nimechelewa miaka tisa na bado nimejisikia mwepesi leo. Sijui wewe ukifanya siku hiyo hiyo utajisikiaje.

Sikia basi nilivyopanga. Kesho nafungua saiba saa mbili. Mama Shiro atanishikia mlango nikienda kuchukua chai. Wanafunzi wawili wanakuja kujaza fomu, na mwalimu wa shule ya msingi anataka programu ya kuchora, nitaiomba kwa ghala nione kama ipo. Baba yako atakusindikiza mpaka stendi na hilo sanduku lenye kamba. Mimi sitakuja stendi. Nina kazi.

Hao watu wa Timau wapigie leo, ukishasoma hii, waambie unaripoti kesho saa tano. Githeri iko kwa sufuria, ule kwanza.

Na ukifika tuma neno haraka, siku hiyo hiyo, hata kabla hujafungua hiyo kamba ya baba yako. Usianze na "mashine ziko aje", kama unavyoanza siku zote. Mashine ziko sawa. Uliza mama yako yuko aje, kwa sababu hilo ndilo sitaweza kulitengeneza peke yangu.

Ni mimi mama yako,
Mama Saiba